Zéphyrin mbele ya nyungu za Mama Ennie

Mutoto wa kaka yangu, Zéphyrin, ni mutu wa kusema. Alijua kusema mbele ya kutembea, na hiyo niliishuhudia miye mwenyewe kule Pweto, juu nilikuwa ninamubeba ku mugongo na yeye ananihubiria mu sikio. Wazazi wake bakafariki, nikamulea miye shangazi yake. Miye nilimaliza darasa la sita ku shule ya bamasere, bale basista wa kanisa, na mu kalasi yetu hakuna aliyenipita kwa kusoma na sauti, donke ule mutoto akili yake hakuiokota mu njia.

Akasoma mpaka akafika inivesite ya Lubumbashi. Kule akakutana, mu bitabu, na mufilozofu mumoja wa Bufaransa mwenye kusema eti nguvu ya kutawala haikai kwa chefu na polisi peke yao. Inapita mu bitu bidogo: kupanga batu mulongo, kubapima, kubachungulia, mpaka mutu anajichunga mwenyewe hata kama hakuna anayemuchunga. Zéphyrin akalewa na hayo mawazo. Masomo yake ilikuwa sosiolojia, lakini akayapeleka kwa benye kusoma sheria, akayapeleka kwa benye kusoma udaktari, na benye kusoma kulima akabafuata mpaka mu shamba yao, akabaambia mistari yao ya mahindi ni kambi ya basoda benye bunduki. Alikuwa ananiambiaka: "Tantine, huu ni ufunguo mumoja wa kufungua milango yote." Miye nikamujibu, mwenye ufunguo wa milango yote, batu bana jina lingine la kumwita.

Vita ikatufukuza, tukavuka ziwa, tukaingia inchi ya jirani. Sasa tuko huku Nchelenge mu kambi ya bakimbizi, tunalima mihogo, na Zéphyrin anauzisha chumvi na sabuni ku soko ya Kashikishi. Mwingine angefunga mudomo. Yeye aliona ziwa nzima inamungojea. Bavuvi akabaeleza eti ile miezi ya kufunga ziwa, wakati serikali inakataza kuvua, inabafundisha kujifunga benyewe. Bakamuuliza kama mufilozofu wake amekwisha kulala na njaa mwezi wa pili. Kwa mwalimu wa kwaya akaenda kusema eti kupanga bamama mbele na bababa nyuma ni siasa. Akafika hata ku kliniki siku ya kupima batoto, akasimama karibu na mizani, akaanza kueleza bamama eti kilo na yenyewe ni serikali.

Nurse akasogeza mizani. Kisha akasema: "Haya, panda weye." Akamupima mbele ya bamama bote, akasoma kilo zake kwa sauti, na zilikuwa kidogo sana kwa mutu wa maneno mingi namna ile. Bakacheka mpaka batoto bakaamuka. Ule nurse ndiye Febby, binti wa Kashikishi, na toka siku ile Zéphyrin alianza kuugua kila juma, mpaka tukapeleka posa kwao.

Sasa, Febby ni wa Babemba, na mama yake, Mama Ennie, mwenye kukausha samaki ku mwambao, hachezi na desturi. Kwao mukwe hamutazami mama mukwe usoni, hasemi naye, hakuli mu nyumba yake. Ni mpaka siku ya matebeto. Siku hiyo banamupikia kila aina ya chakula, bamama bakubwa banafunua nyungu moja moja mbele yake, na yeye anakaa kimya. Akitoa neno moja, nyungu zinafunikwa, zinarudi ku jiko, na ndoa inabaki nje.

Mama Ennie alikuwa amekwisha kusikia sifa za mukwe wake. Akamutuma mushenga wetu, Papa Jairos, atuambie: "Ule wenu hatafika ku nyungu ya mwisho." Hata hakukasirika. Alisema kama mutu anayesema mvua itanyesha.

Nikamuita Zéphyrin. Yeye akafurahi. Akanieleza eti hiyo desturi ndiyo mfano aliokuwa anautafuta: hakuna polisi, hakuna hakimu, lakini mwanaume muzima anajificha nyuma ya nyumba juu mama mukwe anapita. Nikamuuliza, unapenda mufilozofu ao unapenda Febby? Akafikiri. Kule kufikiri kulinitia woga.

Siku ikafika. Tukakaa ku mikeka, miye nyuma yake, kidole changu ku mugongo wake. Bakafunua bukari, ule ugali wetu, bakafunua sombe ya majani ya mihogo, bakafunua maharagi. Jasho ilimutoka, midomo ilikuwa inacheza, lakini sauti haikutoka. Ikabaki nyungu moja.

Hapo Mama Ennie akanyanyuka. Kusema na mukwe hawezi, donke akageukia kuku aliyefungwa miguu pale ku kona.

"Weye kuku, weye uliyesoma," akamuambia. "Banasema nguvu iko mu kila kitu. Hii nyungu, nguvu yake iko kwa nani? Kwa mwenye kupika, kwa mwenye kufunua, ao kwa mwenye njaa? Nijibu."

Ubaya wake ni kwamba swali ilikuwa nzuri. Mutoto wangu aliingojea toka Lubumbashi, na mu inivesite nzima hakuna aliyemupatia. Nikaona mabega yanapanda, namna yanapandaka kila akitaka kuanza. Papa Jairos akatazama bati. Nyuma ya pazia Febby alikohoa, kidogo tu.

Zéphyrin akavuta ncha ya kitenge yangu, akaiingiza yote mu mudomo, akaiuma.

Nyumba ikapasuka na kicheko. Mama Ennie akageukia ukuta, lakini mugongo wake ulikuwa unatetemeka. Akamuambia kuku: "Umekosa. Ule pale atakula." Na akafunua: samaki mukubwa wa moshi, mu karanga.

Zéphyrin alikula mpaka akanawa mikono. Kwa vile sasa mudomo wake ulikuwa umefunguliwa mu ile nyumba, akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima kama balivyomufundisha, na neno lake la kwanza kwa mama mukwe likawa: "Mama, ile swali ya kuku."

"Kula kwanza," Mama Ennie akasema, na akamukatia bukari ingine.

Mpaka leo, kila Siku ya Mungu kisha kanisa, anaenda kule kwa kujibu. Anarudi ameshiba.