Mkungu Nilioukataa

Neno hilo la kupunguza deni nililisikia kila siku Morogoro, na kila siku lilinikera. Nilikuwa mwalimu wa hesabu: kwangu deni lilikuwa ama limelipwa, ama halijalipwa.

Miaka ile viwanda vilipokuwa vikiuzwa kwa watu binafsi, jirani yangu wa Bigwa, Mluguru wa rika langu, aliachishwa kazi. Nilimkopesha karo ya binti yake kwa maandishi, tukatia sahihi sote wawili. Akarudi kulima shamba la ukoo wa mama yake, huko mlimani.

Asubuhi moja alibisha hodi, mkungu wa ndizi begani, shati limelowa jasho.

"Mwalimu, nimekuja kupunguza deni."

"Tuliandikiana fedha. Mkungu huu ni shilingi ngapi?"

Akacheka. "Aa, Mwalimu! Na ndizi nazo utazipima kwa rula? Pika kwanza, ule."

"Rudi nao. Uje siku utakapokuwa na fedha zote."

Kicheko kikakatika. Akajitwika mkungu wake, akaniaga kwa adabu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Mtu amekuja kukuonyesha uso, nawe umemfukuza," alisema. "Anayepunguza deni anakwambia hajakukimbia. Hata angeleta magimbi mawili, ungempokea."

Nikamjibu kwamba hayo ni maneno ya watu, hayamo katika hati.

Wiki chache baadaye nikasikia sokoni kwamba jirani yangu anatafuta mteja wa mabati ya nyumba yake, aliyoyanunua bati moja moja kwa mshahara wa kiwandani. Habari za sokoni sijawahi kuziamini. Sikuvuka hata barabara kwenda kumuuliza, na neno langu moja lingetosha kumzuia.

Alikuja na fedha zote, akaziweka mezani.

"Hesabu, Mwalimu."

Nami, Mungu anisamehe, nilizihesabu mbele yake.

Alihamia mlimani na familia yake. Hapo ndipo nilipovuka barabara. Paa halikuwapo, na mvua ilikuwa imeanza kuyala matofali mabichi ya kuta.

Nilimfuata mara moja kumwomba radhi. Alinipa kiti, mkewe akaniletea chai, kisha yeye mwenyewe akanisindikiza hadi njia panda kama ipasavyo kwa mgeni.

"Usijisumbue, Mwalimu," alisema. "Mimi na wewe hatudaiani tena."

Hakuniuliza nitarudi lini.