Hedifoni za Mama Saa Kumi

Kaka yangu hajui kuomba. Tangu tukiwa watoto yeye huagiza, mimi hugomba kwanza, halafu hufanya. Kwa hiyo siku aliyosimama mlangoni pa chumba changu cha kushonea, kofia mkononi, akasema, "Mdogo wangu, nakuomba," nilisimamisha cherehani. Nilijua maji yamezidi unga.

Alitaka mito miwili ya ngozi laini, mviringo, yenye tundu katikati, kila mmoja wa kuenea kiganjani.

"Ya nani? Ya kulalia panya?"

"Ya hedifoni za wifi yako. Ile ya zamani imepukutika yote. Na uifanye myembamba, nataka spika imsogelee sikio."

"Nimeshona magauni ya maharusi mji huu mzima, leo nishonee masikio?"

Hakucheka. Nikautoa mkoba wangu wa ngozi, ule wa kutokea, nikautia mkasi huku nikilalamika, nikashona.

Hedifoni zenyewe zina habari yake. Kaka alikuwa fundi mitambo redioni tangu ujana mpaka walipomstaafisha. Watu humwita Waya, naye huitika. Mkewe alikuwa mtangazaji wa kipindi cha watoto, kila siku saa kumi, na jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Kila mtu alimwita Mama Saa Kumi. Mwanzoni sikumpenda. Wifi gani anamwambia hata kuku "tafadhali"? Tulinuniana muda mrefu kwa ajili ya sufuria moja, ambayo mpaka leo najua ni yangu. Lakini kazi yake aliijua, hilo sitamnyima. Watangazaji wenzake waliikodolea macho saa ya ukutani. Yeye alitazama kupitia kioo cha studio, kwenye mashine ya kanda. Utepe ukitoka gurudumu la kushoto kwenda la kulia, la kulia hunenepa, na kwa unene ule tu alijua wimbo umebakiza kiasi gani. Ukiisha, yeye tayari amefungua mdomo. Kaka anasema alimpendea hapo.

Kituo kilipohamia kwenye kompyuta, vitu vya zamani vilirundikwa uani ili vitupwe. Kaka akaokoa mashine moja ya kanda, hedifoni mbili za studio, zile nzito za chuma zenye waya wa kujisokota, na kanda moja.

Kanda hiyo ina mtoto wao. Walijaliwa mmoja tu, mvulana mwenye maneno mengi kuliko umri wake, tukamwita Mwanasheria. Siku moja mama yake alimwingiza kipindini pamoja na watoto wengine, akamtegea kitendawili: nyumba yangu haina mlango.

"Ni ya shangazi," akajibu mtoto. "Mlango umeliwa na mchwa!"

Shangazi ni mimi. Na kweli, mlango wangu ulikuwa umeliwa na mchwa, mji mzima ukajua siku hiyo. Mama yake akamwambia, hapana, ni yai. Mtoto akanyamaza, unasikia kabisa anafikiri, kisha akauliza: "Sasa kifaranga anatokea wapi?" Akaanza kucheka swali lake mwenyewe. Akacheka, akacheka, mpaka mama yake naye akashindwa kujizuia hewani. Hajaanza hata shule, homa ikamchukua. Hawakupata mwingine. Sauti yake haipo kwingine popote.

Basi kwa miaka yote hiyo, saa kumi ikifika, mume na mke waliketi mbele ya mashine, kila mmoja na hedifoni zake, wakamsikiliza mtoto wao. Mara moja kaka alinivisha za kwake. Sikutegemea nilichokutana nacho. Nilisikia kiti kikilia, karatasi ikifunuliwa, pumzi ya mtoto karibu na maikrofoni, na viatu vyake vikigonga mguu wa kiti, kwa kuwa miguu haikufika chini. Nikazivua haraka. Niliogopa nikigeuka nitamkuta amekaa nyuma yangu.

Kisha masikio ya wifi yakaanza kumtoroka. Daktari aliwaambia bila kuzunguka: mshipa wa kusikia unakufa, hauna dawa, na sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka. Ndege, kengele, watoto. Wakampa kile kifaa kidogo cha kuchomeka sikioni. Kikampigia miluzi mpaka akakitia kikombeni na kukifungia kabatini.

"Daktari anajua masikio," kaka akasema. "Mimi najua sauti."

Hapo ndipo alipozifungua hedifoni za mkewe. Ndani, mbele ya spika, waliozitengeneza walikuwa wameweka vipande vya kitambaa kizito cha sufu ili kulainisha ule ukali wa sauti. Kaka akatoa kimoja. Akasikiliza hizo, akasikiliza za kwake ambazo hakuzigusa, akarudia tena na tena kupima tofauti. Akamvisha mkewe.

"Unamsikia?"

"Namsikia. Amekuwa karibu."

Mngemwona kaka siku hiyo! Alinunua mkate na kunigawia nusu, mtu ambaye huhesabu mpaka vijiti vya kiberiti. Baadaye akatoa kitambaa cha pili, kisha cha mwisho. Akaniagiza mito mipya, myembamba zaidi, nikaishona kwa ngozi ya tabaka moja isiyo na pamba ndani. Akatoboa matundu kwa drili mgongoni mwa hedifoni ili, alisema, spika ipumue na sauti ichangamke. Kila akimaliza, swali ni lile lile na jibu ni lile lile. Namsikia. Leo zaidi ya jana.

Lakini sauti ilikuwa ikifunguliwa mpaka mwisho, na spika moja ikaungua. Spika za aina ile hazitengenezwi tena. Kaka akang'oa moja kwenye hedifoni zake mwenyewe, akamtilia mkewe. Baada ya muda ikaungua na ya pili, akang'oa iliyobaki. Zake zikabaki mafuvu mawili ya chuma juu ya meza.

"Na wewe utasikilizia nini?" nikamuuliza.

"Zake zinavuja sasa. Nikikaa karibu, nasikia."

Alichokuwa anasikia, jamani. Yale matundu na kile kitambaa kilichotolewa vilikuwa vimeifukuza sauti yote nzito. Viatu havikusikika tena, wala kiti, wala pumzi. Mtoto alibaki na sauti ya kopo. Mwanangu mkubwa aliinakili kanda kwenye simu, akampelekea mjomba wake. Kaka akasikiliza kidogo, akamrudishia. "Hii ni picha ya chai," akasema.

Mimi mdomo wangu hauna komeo. Nilimwambia kaka, "Sikio la kufa halisikii dawa." Nilimaanisha la kwake yeye, asiyetaka kumsikia daktari. Yeye akasikia la mkewe. Hakunisemesha mpaka alipohitaji mito mingine.

Wifi naye alikuwa amepoteza kipimo cha sauti yake mwenyewe. Harusini kwa jirani aliniinamia, akaninong'oneza kwamba suti ya bwana harusi ni ya kuazima. Alidhani ananong'ona. Ukumbi mzima uligeuka, bwana harusi akiwemo. Nilicheka mpaka mshono wa gauni langu ukaachia. Njiani kurudi, nikalia. Mwanamke yule aliwahi kuipima sauti yake kama mtu anavyopima chumvi.

Siku ninayotaka kuisema, nilikuwa nimepeleka mito mipya. Haikuwa mito tena, ilikuwa mapete ya ngozi. Kupunguza zaidi ya hapo ningebaki na uzi mtupu. Kaka alikuwa amehangaika na kanda asubuhi. Mashine imezeeka, ilikuwa imeanza kutafuna mwanzo wa utepe. Akakata sehemu iliyokunjamana, akaunga mbele yake kipande kirefu cha utepe mtupu, ili mashine ikitafuna, itafune kisicho na neno. Fundi mwangalifu hufanya hivyo.

Saa kumi wifi akakaa mahali pake, macho kwenye mashine. Siku zote hakupenda mtu apite mbele yake wakati huo, na mimi nilidhani ni heshima ya kanda. Kaka akamvisha hedifoni, akaketi kando. Mimi nilikaa dirishani na sindano yangu.

Kanda ikazunguka kimya, kisha sauti ya wifi ya ujanani ikatoka kupitia yale matundu, kali na nyembamba, ikawasalimu watoto. Ikaendelea. Gurudumu la kulia likanenepa. Sauti ilikuwa bado inawakumbusha watoto kunawa mikono kabla ya kula, wifi akatabasamu, akaweka kiganja mdomoni, akacheka. Alicheka kwa machozi, kama kila siku.

Nikamtazama kaka. Naye alikuwa ananitazama mimi.

Kwenye kanda watoto waliambiwa wasisahau na kucha. Kitendawili hakijategwa hata. Wifi akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akavua hedifoni, akazilaza mapajani, akazishika kwa mikono miwili.

"Leo nimemsikia kuliko jana," akasema.

Ndipo mtoto akaja. Nyumba ya shangazi, mchwa, yai, kile kimya chake. Sasa kifaranga anatokea wapi? Akaanza kucheka. Alicheka mle mle mikononi mwa mama yake, chumba kizima kikamsikia, na mama yake anamwangalia mumewe, anangoja aone amefurahi.

"Vizuri," kaka akamwambia, akikunjua midomo ili aisome. "Vizuri sana, mama."

Sijui nilikusanyaje vitu vyangu. Wifi akanisindikiza. Uso wangu haujawahi kuficha kitu, na yeye kwa kutosikia alikuwa amejifunza kusoma nyuso kuliko sisi wote. Tulipofika uani, chini ya dirisha la chumba kile kile, akanishika mkono. Akatazama nyuma kuhakikisha mumewe hayupo mlangoni, akaniinamia, akaninong'oneza.

"Wifi, simsikii. Tangu alipotoa kile kitambaa cha kwanza, sijamsikia hata mara moja. Natazama gurudumu tu. Usimwambie kaka yako. Akiacha kutengeneza, atakufa."

Alidhani ananong'ona. Jirani aliyekuwa akianika nguo alisimama na shati mkononi. Dirisha lilikuwa wazi, na nyuma ya wavu niliona bega la kaka, pale pale mezani. Halikutikisika.

Nilimwitikia wifi kwa kichwa, kwa sababu hakuna neno ambalo lingemfikia.

Kesho yake nilirudi, nikitegemea matanga. Wifi alikuwa jikoni. Kaka alikuwa ameinamia kanda, na wembe na gundi viko karibu. Ule utepe mtupu aliouunga jana alikuwa ameukata karibu wote; ulilala sakafuni kwenye miguu yake. Alikuwa anapima kilichobaki kwa kuzungusha gurudumu la kulia kwa kidole, anasimama, anasikiliza, anapunguza tena kidogo.

"Kaka," nikamwambia.

"Usiseme, mdogo wangu. Nakuomba."

Ilikuwa mara ya pili.

Saa kumi wifi akakaa mahali pake. Kaka akamvisha hedifoni, akairudisha sauti chini, chini kabisa kuliko siku zote, kwa kuwa spika zile ndizo za mwisho na hapakuwa tena na wa kumwongezea sauti. Gurudumu la kulia likanenepa. Wifi akaweka kiganja mdomoni, akacheka, na wakati ule ule, kwa mbali, mtoto naye akacheka.

"Unamsikia?" kaka akamuuliza kwa midomo.

"Namsikia."

Mito ninayo mezani, jozi ya akiba niliyokuwa nimeianza. Hajaja kuichukua.