Bwawa la Mapadri

Mwaka jana nilirudi Ngara kumzika shangazi. Baada ya matanga nilishuka peke yangu hadi bondeni, lilipokuwa bwawa letu. Nilikuta majani marefu, na mbuzi wa mtu wakila katikati yake.

Mapadri wa zamani ndio waliojenga ukuta ule wa mawe, wakazuia kijito ili wapate pa kuogelea. Walipoondoka, bwawa likawa la watoto. Jumapili tukitoka kanisani tulivua viatu njiani, tukaogelea mpaka midomo ikatetemeka, kisha tukala mihogo ya kuchemsha aliyotufungia bibi kwenye jani la mgomba. Kiangazi, kijiji kizima kilichota hapo.

Kisha wakimbizi wakaja kutoka Rwanda. Kambi ilipojaa, wengine walishuka bondeni wakafunga maturubai yao chini kabisa ya ukuta. Huko nilipata rafiki, msichana wa umri wangu. Kihangaza changu, lugha ya kwetu Ngara, na Kinyarwanda chake vilielewana bila taabu. Yeye ndiye aliyenifundisha kupiga mbizi.

Siku moja alikuja mtaalamu wa maji kutoka mkoani. Akapima ukuta, akatazama bondeni, akamwambia bibi kwamba bwawa lile limetoka daraja la hatari ndogo na kuingia hatari kubwa.

“Kwani ukuta umepasuka?” bibi akauliza.

“Hapana, mama. Ukuta ni uleule. Zamani ungebomoka ungelaza majani tu. Leo chini yake wamelala watoto.”

“Wahamisheni basi.”

“Tuwapeleke wapi? Kambini hakuna hata pa kuweka mguu.”

Bibi alitazama moshi wa mafiga kule chini. Halafu akasema, “Basi fungulieni maji.”

Vijana walibomoa ukuta kwa nyundo, kidogo kidogo, maji yakatoka taratibu. Mimi na rafiki yangu tuliingia kwenye tope kukamata kambale. Yeye alicheka, mimi nililia. Tangu hapo kijito kilikauka kila kiangazi, na bibi akafuata maji ng'ambo ya kilima. Masika yaliponyesha kwa fujo, alisimama mlangoni akisikiliza kijito kinavyonguruma, akasema, “Angalau wale wa bondeni wamelala salama.”

Haikupita muda mrefu, wakimbizi wakaamriwa kurudi kwao. Walijaa barabara ya Rusumo, iendayo mpakani, magodoro kichwani, mvua ikiwanyeshea. Nilimwona rafiki yangu amemshika mama yake kanga. Aliniambia, “Urabeho,” ndiyo kwaheri ya kwao, umati ukamsukuma mbele.

Bonde likabaki bila watu na bila maji. Ukuta haukujengwa tena. Bibi aliendelea kupanda kile kilima na ndoo yake mpaka miguu ilipomkatalia, na sikumsikia hata mara moja akijuta.

Yule msichana, mpaka leo sijui kama alifika.