Niliandika Maumivu Ambayo Tata Hakuwa Nayo

Kosa ni langu, na usianze kunitafutia visingizio. Hakuna aliyenituma wala aliyenilazimisha. Niliharibu kwa sababu nilisifiwa. Aki nilisifiwa kidogo tu, na kichwa kikafura kama andazi!

Sogea karibu nikwambie wewe, maana nyumbani hakuna anayetaka kusikia upande wangu. Na kusema kweli, upande wenyewe hauna mashiko.

Naishi mtaa wa Satellite, Nairobi, na shangazi yangu. Kwetu shangazi huitwa Tata, na hapa nitamwita hivyo tu. Tata ni msusi. Kibanda chake kiko Ngara, na kwa miaka mingi wanawake walivuka mji mzima kumfuata, kwa sababu alisuka mistari myembamba kama mshono wa cherehani.

Kisha vidole vikaanza kuvimba. Vya kulia na vya kushoto, vidole vile vile pande zote mbili, kama mapacha wanaougua pamoja. Asubuhi mikono ilikuwa imekakamaa hivi kwamba hakuweza kufunga kifungo cha blauzi mpaka jua lipande. Tukasema ni baridi ya Julai. Tukasema ni uzee, na hajafika hata hamsini! Hospitalini wakatuambia ni baridi yabisi, ile inayoletwa na kinga ya mwili: walinzi waliowekwa kulinda viungo wanavishambulia wao wenyewe.

"Yaani kama soja wa ploti anayempiga mwenye nyumba?" Tata akauliza.

"Hivyo hivyo, mama," daktari akasema.

"Na hafutwi kazi?"

"Hatuwezi kumfuta. Tunaweza tu kumtuliza."

Dawa za kawaida zilimtuliza soja nusu nusu. Tata akaacha kusuka mistari myembamba, baadaye akaacha minene, mwishowe akawa anakaa kibandani akiwaelekeza wasusi wengine kwa mdomo. Msusi anayefanya kazi kwa mdomo hapendwi na mtu.

Ndipo tukaambiwa kuhusu utafiti. Kliniki moja upande wa Muthangari ilikuwa inajaribu kidonge kipya cha ugonjwa huo, ambacho hakijafika dukani. Wagonjwa wangeendelea na dawa zao za kawaida, na juu yake wengine wangepewa kidonge kipya, wengine kidonge kitupu kinachofanana nacho. Hata daktari mwenyewe asingejua nani anameza kipi. Tata alieleweshwa kila kitu, akauliza maswali mengi kuliko wakili, akatia alama ya kidole gumba.

Na kulikuwa na daftari. Hapo ndipo mkosaji anaingia.

Kila asubuhi mgonjwa alitakiwa kuandika maumivu yake, kuanzia sifuri hadi kumi. Halafu mikono imekakamaa kwa dakika ngapi. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: maelezo mengine, ukipenda. Tata hakuweza kushika kalamu, kwa hiyo kliniki ilikubali aseme yeye, niandike mimi. Kila Ijumaa nilipiga picha kurasa za wiki na kumtumia sista wa utafiti kwa simu.

Sasa, mimi ni mwandishi. Nina riwaya moja kamili ambayo wachapishaji watatu wameikataa, wawili kwa heshima. Mtu kama mimi usimwonyeshe mstari mtupu ulioandikwa "ukipenda". Nilipenda!

Siku ya kwanza Tata alisema, "Saba. Andika vidole vinauma."

Vidole vinauma! Sentensi gani hiyo, haina hata viatu. Nikaandika saba, kisha nikaandika: "Vidole vyangu vimeamka kabla yangu, navyo vimekataa kunitambua."

Jumatatu sista akapiga simu. "Kwani huyu mama huongea hivi? Nimesomea wenzangu, mmoja karibu alie."

Karibu alie! Unajua mimi nimesubiri miaka mingapi mtu karibu alie?

Kuanzia hapo nikawa naamka mapema kuliko mgonjwa. Tata akisema sita, mimi naona sita haina uzito, naandika nane. Akisema dakika arobaini, mimi naona saa moja na nusu ina mdundo. Sentensi nzuri nikazinakili kwenye riwaya mpya ya mama mgonjwa. Jumamosi mchana, katikati ya mji, kwenye mkahawa wa ghorofani tunapokutana sisi tunaojiita waandishi, nikazisoma kwa sauti. Watu waliacha kahawa ikapoa. Kijana mmoja mwenye kofia, ambaye hajawahi kusifu kazi ya mtu isipokuwa yake, akasema, "Wee! Huyo mama ataniua."

Sikumwambia kwamba huyo mama yuko Satellite anakaanga mayai.

Maana Tata alikuwa ameanza kupata nafuu. Baada ya wiki kadhaa vidole vilipungua kidogo kidogo, ngozi iliyokuwa imekazana ikalegea. Asubuhi moja nikasikia akifungua mfuniko wa chupa ya chai mwenyewe. "Leo nne," akasema. Wiki iliyofuata, "Leo tatu." Halafu akaanza majivuno: "Leo mbili, na hiyo ya pili ni ya mazoea tu."

Ungefikiri nilishangilia. Kwa mdomo nilishangilia sana! Moyoni nilikuwa nalia msiba wa riwaya. Mama wa kitabuni alikuwa kwenye ukurasa wa sitini, anateseka kwa namna ya kupendeza, na huku Tata ananipa mbili! Nani atasoma riwaya ya mtu anayeendelea vizuri?

Kwa hiyo Tata akapona, na daftari likazidiwa.

Utauliza, je, daktari hakuona? Aliona. Kila mwezi alivibonyeza viungo vya Tata kimoja kimoja na kukuta uvimbe umepungua. Alimuuliza anaendeleaje, naye akajibu, "Vizuri sana, daktari." Lakini wamama wetu husema vizuri sana hata jeneza likiwa mlangoni. Wakaona huyu anajikaza mbele ya watu, ila daftarini anafungua moyo. Wakaliamini daftari. Waliniamini mimi!

Sasa ngoja nikwambie asubuhi yenyewe. Ilikuwa Alhamisi.

Tata alikuwa ameketi kwenye kiti cha sebuleni, ananitazama kichwa kwa dharau. "Kuja hapa," akasema. "Keti chini. Nataka kuona kama bado najua."

Nikaketi sakafuni katikati ya magoti yake, daftari juu ya mapaja yangu. Akagawanya nywele kwa kitana, akaanza. Mistari myembamba! Vidole vilikuwa vinatembea kichwani kama kuku anayedonoa mtama. Kwa zaidi ya mwaka vidole hivyo havikuwahi kufanya hivyo.

"Aki Tata, unanivuta!"

"Nyamaza. Shingo ni yako, kichwa ni changu."

"Macho yatatoka!"

"Yatarudi. Umeandika daftari?"

"Naandika."

"Andika moja."

Akacheka peke yake, akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Na mimi, machozi yananitoka kwa nguvu za vidole vyake, nikaandika tisa. Nikaandika dakika mia na themanini. Kisha kwenye mstari wa "ukipenda" nikaandika: "Leo vidole vimekufa mbele yangu. Heri mikono hii ikatwe, izikwe kwanza, nami niifuate."

Nisamehe, lakini ilikuwa sentensi nzuri! Nilikuwa nimeisubiri wiki nzima.

Ijumaa nikatuma picha. Kabla ya saa sita simu ikalia. Safari hii sista hakucheka. Alitaka Tata aende kliniki asubuhi ya Jumatatu, asikose, na aje na mtu wa familia.

"Labda wanataka kunipongeza," Tata akasema. Jumatatu akavaa ile gauni yake ya harusi za watu.

Daktari alikuwa na uso wa mtu anayeleta habari za kifo. Akamkalisha Tata, akamshika mkono kwa upole mno, kama yai.

"Mama," akasema, "tumeona hali imekuwa mbaya. Kwa usalama wako itabidi tukutoe kwenye utafiti, tuanze tiba nyingine leo leo. Na kuna mshauri hapa, ungependa kuongea naye?"

"Kunitoa? Kwa nini? Dawa imefanya kazi!"

"Mama, usijikaze. Tumesoma ulichoandikisha."

Akafungua karatasi, akasoma. Akasoma kwa sauti nzuri, lazima nikiri, sauti ya taarifa ya habari. Vidole vilivyokataa kumtambua mwenyewe. Vidole vilivyokufa. Mikono izikwe kwanza.

Tata alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma. "Woi! Huyo mama ni nani? Mpeni dawa haraka, huyo atakufa."

Nilitazama sakafu. Vigae vilikuwa vyeupe, vikubwa, na hakuna hata kimoja kilichofunguka kunimeza.

Sista alikuwa amesimama nyuma yangu. "Samahani kidogo," akasema taratibu. "Hii kichwa imesukwa wapi?"

"Nyumbani," Tata akajibu kwa fahari. "Ni mimi nilimsuka Alhamisi."

Daktari akainuka. Akazunguka meza. Akainama juu ya kichwa changu na kukikagua mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma picha ya eksirei. Akarudi kutazama tarehe ya ukurasa. Alhamisi. Akatazama tena kichwa. Kichwa changu mwenyewe kilitoa ushahidi dhidi yangu!

"Uliniambia niandike..." nikaanza.

"Nilikwambia moja!" Tata akageuka mzima mzima. "Ngai! Ni wewe? Ni wewe umeniua hapo kwa karatasi?"

Nikakubali. Nilikubali yote: nane zilizokuwa sita, tisa iliyokuwa moja, riwaya, mkahawa. Nilitaja hata wale wachapishaji, sijui kwa nini.

Daktari hakunipigia kelele. Heri angenipigia. Alieleza polepole kwamba maumivu hayaonekani kwa mashine, kwamba vipimo vya damu na uvimbe husema nusu, na nusu nyingine husemwa na mgonjwa peke yake. Ndiyo kazi ya daftari. Sasa kurasa za Tata hakuna anayejua ipi ya kweli na ipi ya kwangu, kwa hiyo haziwezi kutumika, na bila hizo Tata hawezi kubaki. Wangepeleka taarifa kwa wanaosimamia utafiti. Tata angerudishwa kliniki ya kawaida na kuangaliwa vizuri, hakuna wa kumlaumu yeye.

"Sawa," Tata akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Basi niambie tu ni gani nilikuwa nameza. Ile mpya?"

"Sijui, mama. Hata mimi sijui mpaka utafiti uishe."

"Na kama ni mpya, nitainunua wapi?"

"Haiuzwi popote."

Tata akatazama mikono yake. Akakunja ngumi, akaifungua, akaikunja tena, kama mtu anayeaga. Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Si kwenye simu, si kwenye vigae. Hapo.

Nje ya geti alisema jambo moja tu. "Mimi unaweza kunidanganya, nimekulea, nimezoea. Lakini hawa wanakusanya maumivu ya watu wengi ili wapate dawa ya wote. Kila mtu ameleta unga wake, na wewe umemwaga mchanga kwa sufuria."

Siku hizi uvimbe umerudi, si wote, lakini umerudi. Tata anasuka mistari minene, kichwa kimoja, halafu anapumzika. Vichwa vinavyobaki nasuka mimi. Ndiyo, mimi! Aliniburuta Ngara akaniambia vidole vyake nimevila, kwa hiyo nimlipe kwa vyangu. Nasimama kibandani kutwa, yeye ameketi kando anapiga amri, na wateja wanapokezana kunicheka.

"Huo mstari unaenda wapi? Umetoroka nyumbani?"

"Tata, nanyoosha."

"Nyoosha. Si wewe unajua kuandika? Basi andika hapo."

Riwaya niliifuta. Yule kijana wa kofia alinipigia kuuliza mama wa vidole ameishia wapi. Nilimwambia amepona ghafla, na hadithi ikafa. Akasema ni hasara kubwa kwa fasihi. Nilikata simu, kwa sababu mteja alikuwa anasubiri na nilikuwa nimeshika nywele zake kwa meno ya kitana.

Haya basi, wewe unayesoma. Ukimjazia mgonjwa fomu, iwe ya baridi yabisi, ya sukari, ya ugonjwa wowote, usitie chumvi wala asali. Usipunguze ili kuwafurahisha madaktari, usiongeze ili wakuonee huruma. Kuna mtu usiyemjua, mwenye vidole visivyofunga kifungo, anayesubiri namba hiyo iwe ya kweli.

Na kama wewe ni mwandishi, nakuonya mara mbili, maana nakujua. Mgonjwa akikwambia mbili, andika mbili, funga daftari, kaoshe vyombo.