Mlango Nilioufungua Kiuu

Mimi si mtu wa safari. Mtaani kwetu Kiuu wananijua: Njoroge fundi nguo, ambaye cherehani yake iko hatua tatu kutoka kitandani, na hata hizo tatu huzilalamikia. Thika kwangu ni ng'ambo. Lakini dada yangu mkubwa, Nyambura, alikuwa ametolewa titi na tezi za kwapa la kushoto, akaanzishiwa dawa ya dripu. Alhamisi hiyo ilikuwa zamu yake ya pili, na wa kumsindikiza nilikuwa mimi tu.

Saa kumi na mbili asubuhi tulitoka na gari la jirani, kwa sababu hospitali ilimkataza msongamano. Nyambura alikaa nyuma, barakoa usoni, mkono wa kushoto juu ya mto niliomshonea.

"Fundi gani wewe? Huu ni gunia la viazi."

"Ni wa mgonjwa, si wa bibi harusi."

Akacheka, kisha akakohoa. Jumamosi kikohozi hicho hakikuwepo.

Tulipofika Juja alikuwa amelala, nami nikabaki nikiiwaza hiyo Jumamosi. Wamama wa chama chake cha akiba walikuja kumwona kwangu, alikokuwa akiugulia. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, kumwacha ni ushenzi. Walikuja na supu ya kuku, wakaimba, wakamwekea mikono mmoja mmoja. Mama Shiro, mwenyekiti wao, alipangusa pua kwa leso, halafu akamshika Nyambura mashavu yote mawili. Karatasi ya hospitali ilisema wageni wasije. Nilikuwa nimeisoma. Nikasema, "Karibuni chai."

Thika, saa mbili, walimtoa damu mkono wa kulia. Ule wa kushoto hauchomwi sindano tena. Bila tezi, hata kidonda kidogo kinaweza kuufurisha. Tukangoja majibu kwenye benchi mpaka karibu saa tano, ndipo muuguzi akatuita.

"Leo hapati dawa. Hii dawa haichagui. Inapiga saratani, inapiga na chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi. Na upasuaji ulikuwa umeshamchosha. Chembe hizo zimeshuka sana, na ana joto. Tunamlaza."

"Si ni mafua tu, sista?"

"Kwako ni mafua. Kwake yanaweza kumuua." Akashika kalamu. "Kuna mtu amekuwa mgonjwa huko nyumbani?"

"Mimi huwa sitoki," nikajibu, kana kwamba hilo ndilo swali.

Nyambura alinitazama juu ya barakoa. "Ni kweli, sista. Huyu huwa hatoki."

Heri angenichoma kwa maneno. Nikamwambia muuguzi yote, mpaka chai.

Saa tisa nilirudi peke yangu, viatu vya Nyambura vikiwa kwenye mfuko magotini pangu. Mto alibaki nao. Mwenye gari hakufungua redio hadi Ruiru.

Nyumbani, Mama Shiro alikuwa mlangoni na chupa ya uji.

"Njoroge, mgonjwa wetu yuko wapi?"

"Amelazwa. Ameambukizwa kitu, na damu yake haina nguvu ya kupigana."

"Ngai, Mungu wangu! Kwani ni sisi? Tulikuja na maombi!"

"Mlikuja na maombi na mafua. Na mlango nilifungua mimi."

Aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Sasa tutamwombea wapi?"

"Kwenu, Mama Shiro. Mungu atasikia tu."

Aliweka chupa chini akaenda bila kuaga. Sikuwa nimewahi kumfukuza mtu mlangoni pangu, na sikujisikia shujaa.

Jioni Nyambura alipiga simu.

"Umekula?"

"Nitakula. Joto je?"

"Bado liko. Mama Shiro amekuja?"

"Nimemrudisha mlangoni."

"Wewe? Mwongo!"

Maisha yangu yote nimejificha ndani nikidhani ubaya uko huko barabarani, kumbe nilikuwa nikiupikia chai. Nilitaka kumwambia hivyo. Lakini alikuwa ameanza kukohoa, nikashika simu sikioni, nikingoja amalize.