Kinu cha Bibi Langoni mwa Bandari

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani Mtanda, mjini Lindi, nikakuta mdogo wangu amesakafia ua wote. Umependeza, sikatai. Lakini nilipoingia na begi langu, miguu ilikataa kunyooka. Ilipinda kushoto, ikazunguka mahali pasipo kitu, ndipo ikanifikisha mlangoni. Mdogo wangu akaangua kicheko. "Dada, bado unakwepa kinu?"

Ngoja nikusimulie habari ya kinu hicho. Baba alikuwa akifunga kamba za meli bandarini Lindi, huku akisomea urubani wa meli, ile kazi ya kupanda meli ngeni na kumwonyesha nahodha njia ya kuingilia asigonge mwamba. Kwenye mtihani wao hupewi ramani. Unapewa karatasi tupu, uchore lango zima la bandari kwa kichwa: kila fungu la mchanga, kila boya. Ukifeli mara mbili, basi tena, unarudi kwenye kamba zako.

Kwa hiyo baba akaugeuza ua kuwa bahari. Vifuu vya nazi vilikuwa maboya, banda la kuku likawa gati, na kinu cha bibi, yaani mama yake, kikawa mwamba mkubwa wa langoni. Kila asubuhi bibi akishafagia, baba alivipanga vifuu upya, macho kafumba, akipapasa kwa miguu. Sote tulipita njia ya meli, hata kwenda chooni. Ukikanyaga nje, bibi anapaza sauti jikoni, "Umekwama! Vyombo vyako leo!" Mimi nilikwama karibu kila siku.

Baba akaenda Dar es Salaam kufanya mtihani, akarudi amefeli. Alikuwa amekosea kitu kimoja tu: mwamba mkubwa aliuchora karibu mno na pwani. Tukatazamana. Kumbe wakati baba akijifunza, jua lilipokuwa kali, bibi alikisogeza kinu hatua mbili kwenye kivuli cha mpapai, upande wa gati letu, ili atwange kisamvu, na hakukirudisha. Ramani ilisema hivi, miguu ya baba ikajifunza vile.

Bibi alilia, jamani. Hata msibani sikuwahi kumwona akilia vile. Baba alimshika mkono akamwambia, "Mama, kosa langu, ningeitazama ramani." Wapi! Kesho yake bibi alikichimbia kinu pale pale ramani iliposema, akawa anatwanga juani, kanga kichwani, jasho linamtiririka, miezi yote hadi mtihani wa pili. Nikimsihi asogee kivulini ananijibu, "Mwamba hausogei, mjukuu wangu."

Baba alifaulu. Siku hiyo tulikula kisamvu cha nazi na korosho mpaka tukashindwa kuinuka.

Bibi alishatangulia mbele ya haki. Kisamvu siku hizi tunakinunua sokoni kimeshasagwa, kwenye mfuko. Baba amestaafu, macho yameingia ukungu, na hataki kushikwa mkono. Alasiri ile niliyorudi nilimtazama akienda kutawadha, peke yake, bila fimbo. Alipofika katikati ya sakafu tupu alipunguza mwendo, akapinda taratibu.

"Shikamoo, mama," akasema, kisha akaendelea na safari yake.

Nilibaki mlangoni, nikatamani kwa moyo wote asikike mtu wa kumwitikia marahaba.