Mtafsiri wa Katumba na swali la nani kamzika mke wa shujaa

Saa tisa alasiri, Jumamosi, dunia iko karibu kuangamia, na Spès Nahimana amebonyeza kitufe cha kusimamisha.

Kwenye skrini shujaa mwenye joho jekundu ananing'inia hewani, mdomo wazi, basi zima la abiria likiwa mkononi mwake. Chini yake jiji linawaka moto. Ndani ya banda la video hapa Katumba, nje kidogo ya mji wa Mpanda, hakuna anayelalamika kwamba picha imeganda. Bibi Ernestine kanyoosha mkono, na katika banda hili mkono ukinyooshwa, dunia husubiri.

"Huyo kijana," anauliza Bibi Ernestine kutoka benchi la mbele, "tangu kumekucha anaokoa watu. Amekula saa ngapi?"

Spès anasogeza kipaza sauti. "Hajala, Bibi. Msimu wa kwanza alikuwa anakula, si mnakumbuka mama yake alivyokuwa anampikia? Msimu huu mama wamemwondoa. Njaa imeanzia hapo."

Banda linaangua kicheko. Bibi Ernestine anatikisa kichwa kwa huruma, anasema "ego", ndiyo kwa Kirundi, na shujaa anaruhusiwa kuendelea na basi lake.

Spès, mwenye umri wa miaka 36, ni mkulima wa mahindi na tumbaku siku za kazi. Jumamosi na Jumapili ni mtafsiri wa tamthilia za mashujaa na za safari za anga. Anakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya televisheni, anasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, na papo hapo anayageuza kuwa Kiswahili. Sauti zote ni zake. Wanaume anawasemea kwa koo zito, wabaya kwa puani, na maroboti yote yanazungumza kama karani wa mnada wa tumbaku.

Majina ya kigeni hana muda nayo. Huyu wa joho jekundu kambatiza Bwana Kimondo, kwa sababu nguvu zake zilitokana na jiwe lililoanguka toka angani. Mkewe, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi, anaitwa Mwalimu tu.

Kiingilio ni shilingi mia tatu. Banda likijaa, Spès huondoka na elfu saba au nane, fedha ambayo anasema huishia kwenye sabuni, mafuta ya kula na madaftari ya watoto. Lakini ukimsikiliza kwa nusu saa unajua kwamba hata pasingekuwa na hiyo elfu saba, mama huyu angetafuta namna ya kufika.

Kazi hii hakuisomea. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka 1972, naye akazaliwa hapa hapa Katumba, makazi waliyopewa wakimbizi, akasoma mpaka kidato cha nne, ada ikakwama. Miaka kadhaa baadaye mdogo wake alirudi kutoka Mpanda mjini na simu iliyojaa tamthilia. Spès akawa anaangalia akiwa peke yake, kisha asubuhi anawasimulia wanawake wenzake wakati wa kuchambua majani ya tumbaku na kuyapanga kwa madaraja.

"Kule bandani kwa tumbaku ndiko nilikofundishwa," anasema. "Mikono inafanya kazi, midomo haina kazi, basi wanauliza. Nikisema mtu kapaa, wananiuliza kapaa kaacha watoto kwa nani. Nikijibu ovyo wananigomea. Ikabidi nikiangalia niwe naangalia na maswali yao."

Shemeji yake, Nestori, aliposikia kwamba wanawake wanawahi kazini kwa ajili ya hadithi za Spès, alimkabidhi kipaza sauti cha banda lake la video. Maswali yakamfuata huko huko.

Kwa hiyo Katumba ina mhakiki wake wa tamthilia, na maoni yake hayana mafuta ya kulainisha.

Kuhusu mashujaa wanaojificha kwa kufunika macho na kitambaa, Spès hana subira. "Mke wake hamtambui? Mimi Salvatori wangu namjua kwa kikohozi, yuko bado barabarani."

Kuhusu tamthilia ndefu ya wasafiri wanaoenda sayari ya mbali kutafuta chumvi, anasema picha ni nzuri mno na watu hawana nyuso. Watazamaji wake walikuwa na shida nyingine. Dereva wa bodaboda, Osward, alisimama akauliza kama hao watu hawaijui Uvinza na chumvi yake, na mjadala ukamaliza kipindi kizima.

Anayoisifu kuliko zote ni moja isiyo na mlipuko hata mmoja. Ni ya roboti wa kazi za ndani anayemtunza bibi mgonjwa, na taratibu anajifunza kusema uongo ili bibi asihuzunike. "Hiyo ndiyo sayansi," anasema Spès. "Roboti kadanganya kwa upendo. Banda lilinyamaza, ukasikia mtu anavuta kamasi. Baadaye wanasingizia vumbi."

Kinachomuudhi ni misimu ya pili na ya tatu. Anasema waandishi wa tamthilia ni kama yule mgema: akisifiwa, tembo hulitia maji. Na maji yenyewe, kwa maelezo yake, siku hizi ni kurudisha muda nyuma na kuleta watu pacha kutoka ulimwengu mwingine. "Wakikwama tu, wanafungua mlango wa mwanga, anaingia mtu yule yule aliyekufa juzi, kavaa vizuri zaidi. Mtu akifa afe jamani. Sisi tunazika."

Mumewe, Salvatori, hafiki bandani. Anasema ni kwa sababu ya kazi, ingawa Spès anadai anaogopa maroboti. "Nikimwambia twende shamba, ananijibu subiri dunia iokolewe kwanza," analalamika Salvatori huku akicheka. "Inaokolewa kila wiki. Magugu yako palepale."

Lakini miezi michache iliyopita kicheko hiki chote kilikuwa mashakani.

Nestori alikwenda mjini akarudi na flashi yenye tamthilia zilizokwisha kutafsiriwa Dar es Salaam. Sauti imeshatiwa, muziki umeshapangwa, kazi ni kuchomeka na kukaa. Kwa tafsiri ya Spès, na maswali ya watazamaji, kipindi kimoja hula alasiri nzima. Kwa flashi, Nestori angeweza kuonyesha vitatu kabla jua halijazama.

"Nilimwita nyumbani, nikamwambia kwa heshima," anakumbuka Nestori. "Shemeji, Jumamosi hii kaa na watu. Nataka tujaribu bila wewe."

Jumamosi yenyewe ilikuwa ya mwisho wa msimu wa Bwana Kimondo, kipindi kilichosubiriwa kuliko vyote. Spès anasema usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala vizuri. Hakuwa akihofia zile elfu saba peke yake. Alikuwa amewatembeza watu hawa msimu mzima, kawaliza, kawachekesha, halafu mlangoni kabisa anaambiwa awaachie wageni wawafikishe.

"Niliona wivu, sikufichi," anasema. "Kama mtu aliyelea binti wa watu, siku ya harusi anawekwa jikoni."

Alilipa kiingilio kama wengine, akakaa benchi la nyuma.

Na kijana wa Dar aliyetia sauti kwenye flashi, Spès mwenyewe anakiri, anaijua kazi. Sauti nene, haraka, na utani wa mjini. Watu walicheka. "Hata mimi nilicheka mara mbili, kisha nikajikasirikia."

Ikafika pale ambapo shule inaporomoka. Mwalimu anawatoa watoto wote, kisha paa linamwangukia yeye. Bwana Kimondo anafika akiwa amechelewa, anapiga magoti, analia. Haikupita hata dakika, mlango wa mwanga ukafunguka, na akaingia Mwalimu mwingine kutoka ulimwengu pacha, nywele zimetengenezwa. Bwana Kimondo akamkumbatia. Muziki ukapanda.

Bibi Ernestine akanyoosha mkono.

Picha haikusimama.

"Yule wa kwanza," akauliza kwa sauti, "nani kamzika?"

"Mpenzi wangu," ikajibu spika, "sasa hatutaachana tena milele!"

"Nimeuliza. Yule wa kwanza nani kamzika?"

Spika ikaendelea na mapenzi yake. Bibi Ernestine akainuka, akajikongoja mpaka mbele ya televisheni, akasimama hapo na kitenge chake, akawaziba Bwana Kimondo na mke mpya kwa pamoja. Ndipo Nestori akazima.

"Bibi, hiyo imerekodiwa," akamwambia kwa upole. "Haisikii."

"Hiyo haisikii. Na wewe je?"

Watu wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, wakitazama benchi la nyuma.

Spès akasimama. "Hawakumzika, Bibi," akasema. "Wamemsahau."

"Wamemsahau?"

"Ndiyo. Wamemwacha pale pale chini ya paa."

Hapo hakuna aliyecheka. Katika nyumba nyingi za Katumba kuna mtu ambaye jina lake hutajwa bila kaburi. Bibi Ernestine alikuja Tanzania akiwa msichana, na kaka yake mkubwa alibaki njiani.

"Tulikuwa tunakimbia," aliniambia baadaye, akiwa amekaa nje ya nyumba yake anamenya mihogo. "Mtu uliyemwacha bila kumzika hakai kaburini, anakaa kwako. Sasa huyo kijana ana nguvu za kubeba basi, anashindwa kuchimba shimo? Amenikasirisha sana."

Aliloagiza siku ile lilikuwa fupi. "Rudisha nyuma. Tumzike."

Nestori akarudisha nyuma mpaka pale vumbi lilipotua na mkono wa Mwalimu kuonekana kati ya matofali. Akasimamisha. Wanaume wakavua kofia. Bibi Ernestine akasali kwa Kirundi, akamshukuru kwa wale watoto aliowatoa, akamwombea apokelewe. Banda zima likajibu amina, kwa ajili ya mwanamke ambaye hakuwahi kuwepo, na walimaanisha.

Ni Osward wa bodaboda aliyevunja ukimya. Aliuliza kama kamati ya mazishi itapitisha kofia ya rambirambi, kwa sababu yeye alilipa mia tatu na hana nyingine. Hata Bibi Ernestine alicheka mpaka akashika benchi.

Kicheko kilipotulia, Nestori alikuwa ameshaipunguza sauti ya Dar mpaka mwisho. Alivuka kati ya mabenchi na kipaza sauti mkononi, akampa shemeji yake.

Spès akamalizia kipindi. Mlango wa mwanga ulipofunguka tena na Mwalimu pacha kuingia na nywele zake, alimkaribisha kwa Kiswahili cha nyumbani: "Karibu dada, usimkimbilie mume wa watu. Kaburi la mwenzio liko kule, anza kulitembelea." Wanaosimulia wanasema makofi yalisikika mpaka sokoni.

"Nilipiga hesabu ya maonyesho matatu," anasema Nestori. "Nimeishia kupata moja, limejaa mpaka madirishani, na wiki iliyofuata watu wakaleta viti vyao. Nimeshindwa, andika hivyo hivyo." Flashi ya Dar sasa huonyeshwa siku za katikati ya wiki kwa vijana wenye haraka. Jumamosi na Jumapili ni za Spès.

Yeye mwenyewe hana kinyongo na kijana wa Dar. "Natamani aje hapa siku moja aketi mbele ya Bibi Ernestine. Kuuliza si ujinga, na kuulizwa ni shule."

Mavuno ya mwaka huu yakienda vizuri, anataka kununua kinasa sauti ili tafsiri zake zisafiri kwa flashi mpaka Mishamo na Karema. Ameshauriwa na wengi afute maswali ya watazamaji ili kazi iwe safi. Amekataa. Anasema maswali yatabaki, pamoja na kikohozi na kicheko.

Na kuna jambo kubwa zaidi, ambalo analisema huku akiangalia pembeni kwa aibu. Anaandika tamthilia yake mwenyewe. Shujaa ni mwanamke mchambua tumbaku ambaye siku moja mikono yake inaanza kung'aa. Ataweza kuruka, ila hataondoka kabla hajamwachia mtu watoto.

Jumamosi niliyokuwa pale, watu walipokuwa wakitoka, Bibi Ernestine alibaki kwenye benchi lake la mbele. Habari za shujaa mpya zilikuwa zimemfikia.

"Huyo mwanamke wako," alimuuliza Spès, "anakula?"

"Anakula, Bibi. Tena ugali."

"Ana majirani?"

"Anao, na wanamsema."

"Na siku akifa?"

Kipaza sauti kilikuwa kimeshazimwa, Spès akakishika hivyo hivyo.

"Akifa, Bibi, tutamzika. Kijiji kizima. Kipindi kizima kitakuwa cha mazishi yake."

"Ego," akasema Bibi Ernestine, akanyoosha mkono ainuliwe. "Basi andika."